Kunde na Rudibekia: Usizishibishe

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye bustani za nyumbani ni hili: niweke mbolea gani? Kwa kunde na rudibekia, lile ua la njano lenye kitovu cheusi, jibu langu huwaudhi wengi. Usiweke. Tafuta mahali panapopigwa na jua angalau saa sita kwa siku na maji yasipotuama, kisha punguza huruma.

Kunde hujitafutia naitrojeni. Bakteria wa udongoni huingia mizizini, mmea ukawajengea vinundu, nao wakaichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Ujira wao ni sukari. Ukimwaga samadi nyingi au urea, mmea unapata naitrojeni ya bure na kuacha kuwalipa. Vinundu vinapungua, majani yananawiri kijani kizito, maganda unayahesabu kwa vidole. (Kama unalima kwa ajili ya mboga ya majani, basi hasara si kubwa.) Ukitaka kuhakikisha, chimbua mche mmoja unaoanza kutoa maua, suuza mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ukikuta ndani rangi ya waridi, kazi inaendelea: rangi hiyo ni ya protini inayobeba oksijeni, ndugu wa ile iliyomo kwenye damu yetu. Kijivu au kijani maana yake hakuna kinachofanyika humo.

Rudibekia haina bakteria wa namna hiyo, ila asili yake ni nyika za wazi za Amerika Kaskazini na imezoea kupata kidogo. Vinyweleo vya majani yake husaidia kuzuia maji yasipotee. Ukiilisha sana inarefuka, shina linalegea, na mvua ya kwanza inailaza chini.

Kwenye kupanda ndipo zinapoachana kabisa. Kunde huzikwa sentimita 3 hadi 4, udongo ukiwa na joto la nyuzi 18 au zaidi. Kwenye ubaridi na unyevu mwingi mbegu huoza. Usiziloweke, na usizianzishe kitaluni, maana hazipendi kuhamishwa. Zinazosimama wima ziachie sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Zinazotambaa zinataka nafasi zaidi. Mbegu ya rudibekia ni ndogo mno na inahitaji mwanga ili iote, kwa hiyo ibonyeze tu juu ya udongo, usiifukie, na umwagilie kwa manyunyu. Itachukua wiki moja hadi tatu. Baadaye hamishia miche ukingoni mwa tuta la kunde, sentimita 30 hadi 45 kati yake. Ukiibananisha, ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, utakutembelea.

Je, maua hayo yanazisaidia kunde? Wapo wanaosema yanafukuza wadudu, mimi siamini. Wala kunde hazihitaji nyuki ili zizae: ua hufunguka alfajiri, hujichavusha lenyewe, na kufikia adhuhuri limeshanyauka. Faida ninayoikubali ni moja. Kitovu cha rudibekia ni mamia ya vijiua vilivyobanana, na huwavuta nzi wadogo wenye mistari kama ya nyigu, wale wanaoning'inia hewani mbele ya ua. Funza wa wengi wao hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na vidukari ni kero kubwa ya kunde.

Ukiona sisimizi wakipanda mashina usikimbilie dawa. Kunde hutoa nekta hata nje ya ua, kwenye kikonyo, na huenda ndiyo wanayoifuata. Geuza majani kwanza. Ukikuta vidukari, wapige kwa maji ya mpira.

Maganda ya kukausha huwa tayari kati ya siku 60 na 90 hivi kwa aina za mapema. Yavune yakianza kucheza mbegu ndani, usiyaache shambani. Fukusi hutaga mayai juu ya ganda mmea ukiwa bado umesimama, kwa hiyo kunde safi kwa macho zinaweza kutoboka zote ndani ya chombo. Zikaushe sawasawa, zikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, kisha zihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Rudibekia nayo ikate vichwa vilivyonyauka ili iendelee kuchanua, lakini vya mwisho wa msimu viache vikomae na kudondosha mbegu. Mmea wenyewe mara nyingi hufa baada ya mwaka mmoja au miwili.