Suti kila usiku melini? Hapana bana

Meli za kitalii zikitia nanga Kilindini hukosi mtu wa kusema ati humo ndani usiku huli bila suti nyeusi na tai. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi safari ya wiki kwenye meli nyingi siku za kupiga luku ni moja ama mbili tu, zingine suruali ndefu na shati safi yatosha, na kwa bafe ndo hawana habari nawe kabisa bora usiingie na nguo mbichi za kuogelea. Kampuni ya meli ya Norwegian hata hawalazimishi suti. Kampuni ya Cunard ndo wakali, usiku wa gala (ule wa kuvaa rasmi) wataka tuksido ama suti ya rangi nzito, lakini vazi rasmi la kwenu pia wanalikubali, kwa hivyo kanzu ilopigwa pasi na koti juu (kofia ukitaka) waingia vizuri tu. Champali acha kebini.