Sindano ya ganzi ya mkono: msituletee yenu kutoka duka la dawa

Wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa mkono, wengi wao majeruhi wa bodaboda na tuktuk, wamekuwa wakilalamikia sindano ya ganzi. Mtu amekubali kufanyiwa upasuaji akiwa macho, bila nusukaputi. Akiiona sindano anaghairi. Wengine huja na yao waliyonunua, "nyembamba, isiyouma". Hiyo hatutaitumia, hata ikiwa bado iko ndani ya pakiti yake.

Neva za mkono hutoka shingoni, hupita nyuma ya mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, na kushukia kwapani. Dawa huwekwa kando ya neva, kamwe si ndani yake, kwa hivyo cha kuangaliwa kwanza ni ncha. Sindano ya kawaida imechongwa mshazari mrefu, digrii 12 hadi 15, ili ipenye ngozi upesi. Ikikutana na neva huipenya vivyo hivyo. Ya kwetu ina mshazari mfupi, digrii 30 hadi 45. Ngozi huihisi zaidi, ndiyo maana hutiwa ganzi kidogo kwanza, lakini neva husogea kando badala ya kutobolewa. Hata hivyo si kinga kamili. Utafiti wa mwaka 1992 uliofanyiwa panya ulionyesha kwamba ncha hiyo butu ikishaingia ndani ya neva, jeraha huweza kuwa baya kuliko la ncha kali.

Unene ni geji 22, takriban milimita 0.7. Nambari ya geji ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Anayesikia 25 akadhani ni kubwa kuliko 22 amegeuza mambo. Nyembamba mno hupinda ikiwa ndani ya nyama, huonekana kwa shida kwenye skrini ya ultrasaundi, na tukivuta bomba kuhakikisha hatumo ndani ya mshipa wa damu, damu huchelewa kurudi. Kuchelewa huko ndiko hatari.

Urefu ndio unaowatisha wengi. Kwapani na juu ya mtulinga tunatumia milimita 50; chini ya mtulinga, penye misuli minene ya kifua, 80 hadi 100. Haizamishwi yote. Inaingia kimshazari kufuata picha, na juu ya mtulinga pafu liko karibu sana, hivyo hakuna anayeisukuma kabla hajaiona ncha. Sindano nyingine zina alama karibu na ncha za kurudisha mawimbi ya ultrasaundi. Nyingine zimefunikwa zisipitishe umeme ila nchani, zikaunganishwa na mashine ya kustua neva: misuli ikicheza kwenye umeme mdogo wa miliampia 0.5 hivi tumekaribia. Ikiendelea kucheza chini ya 0.2, tunarudi nyuma.

Dawa huwa mililita 20 hadi 30, na hatuimimini kwa mkupuo. Tunavuta bomba, tunaingiza mililita 5, tunavuta tena. Ukihisi maumivu makali ya kuchoma yanayokimbilia vidoleni, sema papo hapo. Kujikaza si ushujaa. Sema pia midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma au ukipata ladha ya chuma mdomoni, maana huenda dawa imeingia kwenye damu na kinachofuata kinaweza kuwa degedege. Uzito wako tunaupima kwa sababu hiyo: mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidisha miligramu 120 za dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini, yaani mililita 24 za ile ya asilimia 0.5. Msikisie uzito.

Utaratibu wa siku yenyewe ni huu. Fomu ya ridhaa hutiwa sahihi kabla ya kuingia thieta, baada ya kuelezwa, na mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Chakula huachwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji. Mahamri na mbaazi ni chakula, chai ya maziwa nayo tunaihesabu kuwa chakula. Maji au strungi mwisho ni muda wa saa 2 kabla. Ganzi ikikosa kushika huenda tukalazimika kutumia nusukaputi, hivyo "ni mkono tu" si hoja. Aliyekula huahirishwa na nafasi yake hupewa anayefuata. Atapangiwa siku nyingine, wala haruki foleni. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande aseme kliniki, asingojee mlango wa thieta. Sindano hutumika kwa mgonjwa mmoja, kisha huingia kwenye kisanduku cha usalama. Haichemshwi, haitunzwi, haipelekwi nyumbani.

Baada ya upasuaji mkono hubaki mzito saa kadhaa, kwa bupivakaini hata 16 na zaidi. Ufungwe tanji, kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, uwe mbali na jiko, na dawa ya maumivu uanze kumeza kabla ganzi haijaisha. Ganzi ikipita saa 24, rudi tuuangalie. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, hata kama umeshafika nyumbani na hata kama ni usiku, njoo kasualti moja kwa moja, useme ulichomwa sindano karibu na mtulinga.