Mgombea akiahidi kushusha bei ya petroli, muulize anaondoa shilingi ipi

Kila tarehe 14 jioni, EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, hutangaza bei mpya za mafuta, na kabla ya saa sita usiku makundi yote ya WhatsApp hapa Nairobi huwa yamejaa picha ya jedwali lile. Wengi husoma mistari mitatu tu: petroli, dizeli, mafuta taa. Mimi ni mchanganuzi wa sera za kawi, na ninachotafuta kwanza ni mchanganuo wa lita moja. Mafuta yamefika Mombasa kwa bei gani? Kuyahifadhi na kuyasafirisha kumegharimu kiasi gani? Wauzaji wamepewa faida ngapi? Halafu nafika kwenye orodha ya kodi na tozo tisa. Tunapoelekea uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, orodha hiyo ndiyo ningependa kila mgombea asomewe mbele ya watu, mstari kwa mstari.

Nasema hivyo kwa sababu siasa zetu za mafuta huwa na hotuba mbili ambazo hazikutani. Hotuba ya tabianchi hutolewa ukumbini. Ahadi ya bei hutolewa juu ya paa la gari. Mwaka 2023 hotuba hizo zilikaribiana sana. Kuanzia tarehe 4 hadi 6 Septemba, Rais Ruto aliwakaribisha viongozi wa Afrika KICC kwa kongamano la tabianchi, na Azimio la Nairobi likatoka likitaka dunia ifikirie kodi ya kaboni itakayogusa biashara ya mafuta ya kisukuku. Siku nane baadaye, tarehe 14, petroli ilivuka Sh200 kwa mara ya kwanza Nairobi: Sh211.64 kwa lita. Mwezi uliofuata ikafika Sh217.36. Ukitaka kujua msimamo halisi wa serikali yoyote kuhusu petroli, usiangalie hotuba peke yake. Angalia ni kiasi gani cha bajeti yake kinachotegemea wewe kuendelea kununua petroli.

Tuanze na lita yenyewe. Ushuru wa bidhaa kwenye petroli ni Sh21.95. Tozo ya matengenezo ya barabara ni Sh25, ilipanda kutoka Sh18 mwezi Julai 2024. Tozo ya maendeleo ya petroli ni Sh5.40, na kabla ya 2020 ilikuwa senti 40. Juu ya hayo kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, tozo ya reli, ada ya uagizaji na nyingine ndogondogo. Mwendesha boda anayetia lita 4 kwa siku analipa Sh100 kwa ajili ya barabara na karibu Sh88 za ushuru wa bidhaa, na hapo bado hatujagusa VAT. Hizo ndizo shilingi zilizo ndani ya uwezo wa rais na bunge. Bei ya mafuta ghafi duniani haimo mikononi mwao. Thamani ya shilingi dhidi ya dola wanaigusa kwa mbali na polepole. Kwa hivyo mgombea anayesema "nitashusha bei" bila kutaja mstari hata mmoja kwenye orodha ile hajasema lolote.

Tuna mfano wa karibu wa kujifunzia, yaani pande mbili zilizokabiliana 2022. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilikuwa imeanza kulipa ruzuku ya mafuta mwaka 2021, na Uhuru alikuwa akimuunga mkono Raila Odinga, kwa hiyo muungano wa Raila, Azimio, uliingia uchaguzini ukiwa umebeba ruzuku hiyo, kwa heri na kwa shari. Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, ilikuwa na msimamo tofauti: ruzuku iende kwa uzalishaji, kama vile mbolea, na isiende kwa matumizi. Alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, Ruto alitaja hesabu: ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula Sh144 bilioni, Sh60 bilioni kati ya hizo kwa miezi minne tu. Kesho yake petroli ikapanda kwa zaidi ya Sh20 hadi Sh179.30, huku dizeli na mafuta taa zikiachiwa sehemu ya ruzuku.

Kwa maoni yangu, hoja ya kuondoa ruzuku ya petroli ilikuwa na uzito. Anayejaza tangi la lita 60 la gari kubwa kule Runda, mtaa wa matajiri, alipata ruzuku mara kumi na tano ya yule wa boda mwenye lita zake 4. Tena ruzuku isiyolipwa kwa wakati huleta balaa lake: Aprili 2022, kampuni za mafuta zilipokuwa zikiidai serikali mabilioni, tulipanga foleni ndefu vituoni huku bei kwenye pampu ikisoma ya chini. Bei ya chini ya mafuta ambayo hayapo haimsaidii mtu.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Julai 2023, kupitia Sheria ya Fedha, VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Agosti mwaka huohuo bei zikaachwa zilivyokuwa, na serikali ikalipa tofauti. Ruzuku iliyofukuzwa kwa kelele ikarudi kimyakimya, safari hii ikiwa na kodi kubwa zaidi pembeni yake. Serikali ikawa inachukua kwa mkono mmoja na kurudisha kidogo kwa mkono mwingine, kwenye lita ileile.

Na upinzani? Raila, ambaye sasa ni marehemu, aliongoza maandamano ya gharama ya maisha mwaka huo, na Azimio iliipinga VAT ile kwa nguvu. Novemba 2023 aliushambulia pia mkataba ambao serikali iliufanya mwezi Machi na kampuni tatu za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, wa kuleta mafuta kwa mkopo wa siku 180 badala ya zabuni ya wazi. Alidai haukuwa mkataba wa serikali kwa serikali kama ulivyoitwa. Maswali hayo yalistahili kuulizwa. Ninachowadai Azimio ni kitu kingine: hawakuonyesha waziwazi pengo la VAT lingezibwa kwa fedha zipi. Mpinzani anayetaka kodi ishuke bila kutaja kitakachochukua nafasi yake anatuahidi jambo ambalo akiingia ofisini ataambiwa na Hazina ya Kitaifa kwamba haliwezekani.

Sasa nifike kwenye shilingi saba, maana hapo ndipo wagombea wengi wa 2027 watajikwaa. Ile tozo ya barabara ilipopanda kwa Sh7 mwaka 2024, wengi waliona ni nyongeza ya kawaida. Mwaka 2025 Sh7 hizo ziliwekwa rehani: Bodi ya Barabara ilipata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi wa barabara waliokuwa wakidai kwa miaka, na wenye fedha watalipwa kutokana na Sh7 za kila lita itakayouzwa. Nawaelewa wanakandarasi, wengine walikuwa wamefilisika wakingoja. Lakini angalia kilichotokea kwa sera ya kawi. Yule wa boda wa lita 4 analipa Sh28 kwa siku kwa deni ambalo limeshatumika. Rais ajaye, awe nani, hawezi kuamka asubuhi akaifuta tozo hiyo, kwa kuwa kuna wakopeshaji wenye mkataba. Kubwa zaidi ni kwamba deni hilo linalipika vizuri iwapo lita zinazouzwa hazipungui. Serikali imejiweka mahali ambapo ikifaulu kuwatoa watu kwenye petroli, inaumia.

Na ni serikali hiyohiyo iliyoahidi kuwatoa watu kwenye petroli. Manifesto ya Kenya Kwanza ya 2022 ilitaja vituo vya kuchajia magari ya umeme mijini na barabara kuu, na vivutio vya kodi kwa matatu na malori yatakayohamia umeme. Sehemu ya hayo imeonekana. Mwaka 2023 EPRA ilianzisha bei maalum ya umeme wa magari, Sh16 kwa kila uniti na Sh8 saa za usiku matumizi yanapopungua. Mabasi ya umeme yapo Thika Road, na boda za kubadilisha betri zimekuwa jambo la kila siku Nairobi. Pikipiki ya umeme hailipi tozo ya barabara kwa kila kilomita kama inavyolipa ya petroli. Nafurahia jambo hilo kwa ajili ya vijana wanaoziendesha. Hata hivyo barabara zitatengenezwa kwa pesa za nani lita zikipungua? Kodi ya uzito wa gari? Ada ya mwaka? Hilo ndilo swali la mafuta ya kisukuku ninalotaka kulisikia kwenye mdahalo wa wagombea.

Kuna kundi lingine linalosahaulika hotuba zikichangamka, nao ni wale wanaopikia mafuta taa. Nenda mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga saa kumi na mbili jioni, usimame karibu na pampu ya mafuta taa. Watu wanakuja na chupa za maji na vidumu vya lita moja, wanataja pesa na hawataji lita: ya hamsini, ya mia. Oktoba 2023, mafuta taa yalipokuwa Sh205.06, "ya hamsini" haikufika robo lita. Ndani ya bei hiyo kuna Sh18 kwa lita ambazo ziliwekwa 2018 kwa sababu maalum: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta taa ya bei nafuu na dizeli, na injini za watu zikiharibika. Uchakachuaji ulipungua, lakini aliyelipia ushindi huo ni mama wa stovu.

Mgombea akiniambia atafuta Sh18 hizo, nitamuuliza atawazuiaje wachakachuaji. Akiniambia ataziacha, nitamuuliza mama yule atapikia nini. Jibu lililo bora kwa sasa ni gesi, ambayo nayo ni mafuta ya kisukuku, ila haina moshi ule wa kuumiza mapafu. Hapa serikali ya sasa inastahili sifa: VAT ya gesi ya kupikia iliyorudishwa 2021 kwa asilimia 16 na kupunguzwa 2022 hadi asilimia 8, iliondolewa kabisa 2023. Kilichobaki ni bei ya mtungi wenyewe, kwa sababu anayenunua mafuta ya hamsini hana maelfu ya kuanzia.

Kwenye umeme nitapita haraka, kwani Kenya imeshajibu sehemu kubwa ya swali. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ila kumbuka ahadi ya 2013 ya megawati 5,000 za ziada ndani ya miezi 40. Ndani yake kulikuwa na kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu, zaidi ya megawati 1,000, ambacho kingeanza kwa makaa ya kuagizwa Afrika Kusini. Wakazi walikata rufaa, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) likafuta leseni, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Matumizi yetu ya juu kabisa yalipita megawati 2,300 mwaka 2025 tu. Kama kiwanda kile kingejengwa, leo tungekuwa tunalipia uwezo wake hata siku ambazo hakiwashwi, kwani mikataba ya namna hiyo huandikwa hivyo. Mgombea akitaja megawati, mtake ataje na mkataba wa malipo. Na akitaja kuleta gesi asilia Mombasa ili kuzima mitambo ya mafuta mazito, jambo lililokuwamo kwenye manifesto ya Kenya Kwanza, aseme mkataba huo utadumu miaka mingapi.

Mafuta ya Turkana ndiyo mahali ambapo sijawahi kumsikia mgombea mkuu yeyote akisema yabaki ardhini. Yalipatikana Machi 2012 katika kisima cha Ngamia 1. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa zaidi ya 200,000, iliondoka Mombasa baada ya kusafirishwa kwa malori. Kisha mradi ukalala. Mwaka 2023 kampuni za TotalEnergies na Africa Oil zilijiondoa, na 2025 mshirika wao Tullow ikakubali kuuza sehemu yake kwa Gulf Energy. Mafuta yale yana nta nyingi, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba la zaidi ya kilomita 800 hadi Lamu lingehitaji kupashwa moto njia nzima. Tena hayatashusha bei ya petroli Nairobi: kiwanda chetu cha kusafisha mafuta Mombasa kilisimama 2013, na ghafi itauzwa nje kwa bei ya dunia.

Faida itakayokuwapo itakuwa ya mgao. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa serikali kuu asilimia 75 ya fungu la serikali, kaunti asilimia 20, na jamii ya eneo hilo asilimia 5. Kwa wagombea wote watakaofika Lokichar, kwenye visima vya Turkana, kuomba kura, swali langu ni moja: asilimia 5 hiyo italipwa kwenye akaunti gani, itasimamiwa na nani, na mchungaji wa Nakukulas atazionaje hesabu zake?