Kupima pumzi nyumbani kwa mwenye pumu: kinachoharibu namba

Kipima pumzi, au pikiflo mita, ni bomba fupi la plastiki lenye kishale na mstari wa namba. Hakitumii betri. Kinapima jambo moja tu: kasi ya juu kabisa ya hewa inayotoka kifuani, kwa lita kwa dakika. Wingi wa hewa hakiujui. Ndiyo maana anayepuliza taratibu kwa muda mrefu, kama anayewasha jiko la mkaa, hutokwa jasho na kishale kisipande. Kasi hiyo hufikiwa mwanzoni kabisa mwa kupuliza. Kinachobaki baada ya hapo ni kujichosha.

Simama, na kama huwezi, keti wima, ila iwe hivyohivyo kila siku. Rudisha kishale chini. Shika kipimo kikiwa kimelala, vidole vikiwa mbali na njia ya kishale. Vuta hewa mpaka kifua kijae, zungushia midomo kwenye mdomo wa kipimo bila kuacha upenyo, kisha puliza hapohapo kwa mkupuo mmoja wa nguvu. Usiibane hewa kifuani ukijiandaa. Sekunde 2 au 3 za kuibana zinatosha kushusha namba. Shingo iliyoinama na meno ya bandia yanayocheza nayo huishusha.

Namba ya juu kupita kiasi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inampa mgonjwa moyo bure. Huletwa na kukohoa ndani ya kipimo, au kupuliza kwa ulimi na mashavu kama anayetema mbegu ya chungwa. Watoto hugundua ujanja huu haraka sana, kwa hiyo mwangalie mashavu, usiangalie kishale. Chini ya miaka 5 usihangaike naye kabisa.

Puliza mara 3, uandike ya juu, si wastani. Mbili za juu zisipishane zaidi ya 40. Ukipata 410, 430 na 420, andika 430. Ukipata 350, 430 na 290, hujapuliza vizuri, pumzika, urudie. Zikishuka kwa mpangilio, tuseme 460, 430, 390, andika 460 na uweke alama pembeni: huenda kupuliza kwenyewe kunabana njia za hewa, na daktari atataka kuliona hilo.

Pima asubuhi ukiamka na jioni, kabla ya kutumia inhela, yaani kopo la dawa ya kuvuta. Ukipima baada ya dawa, andika hivyo, la sivyo daftari litadanganya. Pumu huyumba. Mtu mwenye 360 asubuhi na 460 jioni ana tofauti ya 100; ukiigawanya kwa wastani wa 410, ni asilimia 24. Kwa mtu mzima, wastani wa tofauti za kila siku ukizidi asilimia 10 kwa wiki 2, pumu haijatulia, hata kama mwenyewe anasema yuko salama. Mwili huzoea kubanwa kidogo kidogo, na mimi huamini daftari kuliko neno “niko sawa.”

Jedwali la urefu na umri linalokuja kwenye boksi ni la kukisia. Kinachofaa ni rekodi yako mwenyewe: namba ya juu uliyopata katika wiki 2 au 3 za kutumia vizuri dawa ya kila siku ya kuzuia pumu, bila dalili. Ikiwa ni 480, asilimia 80 yake ni karibu 380 na asilimia 50 ni 240. Bandika vipande vya plasta ya rangi hapo kwenye kipimo. Juu ya 380, endelea na dawa zako. Kati ya 240 na 380, fuata maelekezo uliyoandikiwa na daktari, usisubiri kesho. Chini ya 240, tumia salbutamol, inhela ya kufungua njia za hewa haraka, kwa spesa, chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, na uanze safari ya hospitali. Anayeshindwa kumaliza sentensi asiambiwe apulize kitu chochote. Ni dawa na usafiri tu.

Kwa fundi seremala au mfanyakazi wa mashine ya kusaga, pima mara 4 kwa siku kwa wiki 4, siku za mapumziko zikiwemo. Namba zikipanda kila akikaa nyumbani na kushuka akirudi kazini, vumbi la kazini ni la kushukiwa kwanza.

Osha kipimo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila wiki, ukikung’ute na kukiacha kikauke chenyewe. Mate yaliyoganda hukwamisha kishale. Ukinunua kingine, angalia skeli, yaani mpangilio wa namba zake. Vya zamani vina skeli ya Wright, vipya vina ya Ulaya, na pumzi ileile husomeka tofauti. Puliza vyote viwili kwa siku chache, uandike tarehe ya kubadilisha, kisha sogeza zile plasta.