Pedi ya gemu: kwa nini makampuni yanagombania hata kitufe

Mkikaa tena kucheza mpira kwenye PS, kabla hamjagombania nani ashike pedi ya kwanza iangalieni kidogo. Ile mishale minne ya kushoto unaiona kama vitufe vinne, kila kimoja kivyake, lakini fungua pedi ya PlayStation ya kwanza uone, chini ya ganda ni kipande kimoja tu cha plastiki kimeungana katikati. Sasa kwa nini katikati pafichwe? Sisi tunaoshughulika na hataza swali hilo tunalipenda sana.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi azuie wengine wasitengeneze wala kuuza kitu alichobuni, kwa muda fulani na kwenye nchi iliyompa hiyo haki, na yeye anatakiwa aeleze wazi kinavyofanya kazi. Muda ukiisha kinakuwa cha wote. Ule msalaba wa kuongozea mchezaji, yaani mishale minne iliyoungana wazi katikati, aliubuni Gunpei Yokoi wa Nintendo, ukatoka kwenye Donkey Kong, gemu ya mkononi ya Game & Watch mwaka 1982, na Marekani Nintendo wakapata hataza yake 1987. Basi wapinzani kila mtu akatafuta njia ya kuuzunguka, Sega wakaweka kisahani, Sony wenye PlayStation wakaja na mishale yao iliyoachana, Xbox 360 ya Microsoft nayo ikawa na kisahani ambacho wachezaji wengi walikilalamikia kweli kweli. Hataza ilipokwisha muda wake miaka ya 2000, Xbox One ya 2013 ikaja na msalaba mchana kweupe. Sony hawakubadilisha, maana mishale ile imeshakuwa sura yao.

Kesi tamu zaidi ni ya mtetemo. Nintendo waliuza Rumble Pak 1997 kama kidude cha kuchomeka nyuma ya pedi ya mashine yao ya Nintendo 64, kina betri zake mbili, unanunua pembeni ukitaka. Mwaka huohuo Sony wakatoa DualShock, mota zikiwa ndani ya pedi yenyewe na joistiki mbili juu, na hapo ndipo mtetemo ukazoeleka. Ila kulikuwa na kampuni ya Marekani inaitwa Immersion yenye hataza za teknolojia ya mguso, yaani kifaa kukutetemekea mkononi, 2002 ikawashitaki Sony na Microsoft kwa pamoja. Microsoft hawakutaka shida, 2003 wakamalizana nao kwa dola milioni 26. Sony wakakaza shingo, 2004 baraza la wazee wa mahakama likasema walipe dola milioni 82, riba na mengine yakaifikisha kama milioni 90 mwaka uliofuata, wakakata rufaa.

Halafu 2006 PS3 inatoka, pedi yake Sixaxis ina sensa ya kujua ukiizungusha ila haitetemi kabisa! Sony wakasema mtetemo unaivuruga sensa. Haya, lakini mwezi huohuo wa Novemba Nintendo wakatoa Wii, rimoti yake ina sensa na inatetemeka vizuri tu, kwa hiyo mimi maelezo ya Sony sikuyameza. Machi 2007 wakapatana na Immersion, na kabla mwaka haujaisha DualShock 3 ikaanza kuuzwa Japani, mtetemo umerudi. Na Microsoft nao walikuwa wajanja, mkataba wao wa 2003 uliwapa fungu endapo Sony watalipa, wakadai, na 2008 Immersion ikawarudishia dola milioni 20.75. Yaani sehemu kubwa ya hela waliyotoa.

Wii yenyewe iliuza mashine zaidi ya milioni 101 ikiwa na picha dhaifu kuliko PS3 na Xbox 360, kwa sababu bibi ambaye hajawahi kushika pedi alipewa rimoti akarusha mkono kama anacheza tenisi na ikakubali. Microsoft wakajibu 2010 na Kinect, hushiki kitu, kamera inakusoma mwili. Iliuzwa sana mwanzoni. Wakanogewa, 2013 wakaiweka kwenye boksi la kila Xbox One, bei dola 499 wakati PS4 ni 399, na mwaka uliofuata wakaitoa ili bei ishuke. Kwa maoni yangu wazo la kuiweka ndani ya boksi halikuwa baya, maana mtengeneza gemu hawezi kutegemea kifaa ambacho nusu ya wateja hawana, shida ni kwamba gemu za kuilipia ile dola 100 ya ziada hazikuwepo.

Sasa kwa vijana wetu wanaotengeneza vifaa vyao, maana wapo na tunawaona mitandaoni. Hataza inataka kitu kiwe kipya, na ukishakiweka TikTok kikaonekana kinavyofanya kazi unaweza kuwa umeupoteza huo upya mwenyewe, kwa hiyo peleka maombi kwanza ndiyo uposti. Ofisi ya kupeleka maombi Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar BPRA, Kenya KIPI, na kama unataka nchi kadhaa kwa mkupuo kuna ARIPO, shirika la pamoja la nchi kadhaa za Afrika, pale Harare ambapo ombi moja unataja Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nyinginezo unazotaka kati ya wanachama. Andaa maelezo ya kifaa kinavyofanya kazi, michoro, na sehemu ya madai, yaani kile hasa unachotaka wengine wasikiguse. Hiyo ya madai msijiandikie kienyeji, tafuteni wakala.