Je, ni lazima hospitali kubwa?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mwenye sonona hawezi kusaidiwa mpaka afikishwe hospitali ya magonjwa ya akili, mbele ya daktari bingwa. Imani hiyo ina chimbuko lake: kwa miaka mingi huduma zilikuwa mjini tu, na aliyepelekwa huko alikuwa ameshazidiwa.

Lakini tazama Zimbabwe. Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, akina bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii walianza kufundishwa kuwasaidia watu wenye kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama Washona wanavyoiita hali inayofanana na sonona. Mgonjwa huketi na bibi kwenye benchi nje ya zahanati. Huyataja yanayomsumbua, wakachagua jambo moja, wakapanga hatua ya kulitatua. Neno kufungisisa lenyewe, naona, ni nusu ya kazi: mtu hukubali kuwa anawaza mno kabla ya kukubali kuitwa mgonjwa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo.

Daktari bado anahitajika, hasa kwa anayesikia sauti zisizokuwepo au anayefikiria kujiua. Huyo apelekwe haraka.

Ukisikia dai kuhusu tiba ya akili, uliza: waliotibiwa walilinganishwa na nani? Walikuwa wangapi? Walifuatiliwa muda gani? Kisha pita zahanati ya karibu, uulize nani pale amefunzwa kupokea wenye sonona.