Binti aliyefundishwa kutolia

Yule binti alikuwa na miaka 16 mama yake alipomleta ofisini kwangu, muda mfupi baada ya kumtoa kwenye nyumba ya kurekebisha tabia huko Utah, jimbo la Marekani. Kabla ya kupelekwa alikuwa halali, shule haendi, mikono anaichanja kwa wembe. Mimi mwanasaikolojia tiba, nikisikia hayo nawaza sonona kwanza. Kule walimwita mkaidi.

Wazazi wengi wa kwetu walioko Marekani huzichukulia nyumba hizi kama lile tishio la utotoni: ukishindikana mjini, unapelekwa kwa bibi kijijini. Lakini bibi ni damu yako. Huku unamkabidhi mtoto kwa walezi wa zamu ambao wengine hawajasomea hata kutambua dalili za ugonjwa wa akili.

Utaratibu ni wa madaraja. Mtoto anaanzia chini, na kila kitu anakipata kwa kupanda: kupiga simu nyumbani, kuongea na wenzake, pengine hata kuvaa viatu. Akilia, anashushwa. Simu inasikilizwa, na mzazi ameshaonywa kwamba mtoto atadanganya ili arudishwe. Sasa mwenye sonona, ambaye kulia na kushindwa kuamka ndiyo maradhi yenyewe, anaadhibiwa kwa kuumwa. Anajifunza kuficha. Na anayeficha hunitia hofu kuliko anayelia.

Mtindo huu haukutoka hospitalini. Chimbuko lake kubwa ni Synanon, kundi lililoanzishwa California mwaka 1958 na Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe, si daktari. Walikaa duara wakimshambulia mmoja wao kwa maneno hadi avunjike. Ulikusudiwa watu wazima walioathirika na dawa za kulevya. Ukaishia kwa watoto. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walichambua vifo 10 vya vijana katika programu za aina hii, wakakuta wafanyakazi wasio na mafunzo na watoto wasiolishwa vya kutosha.

Utah ilibana sheria mwaka 2021: ukaguzi mara nne kwa mwaka, na mtoto aongee na familia kila wiki bila kusikilizwa. Ile ya taifa zima, ya Desemba 2024, kubwa iliyoagiza ni utafiti. Haifungi nyumba yoyote.

Kwa hiyo leseni iliyotundikwa mapokezi isikutulize. Hiyo ni ya nyumba. Omba jina la daktari wa akili atakayemwona mwanao, ukalitafute mwenyewe kwenye bodi ya leseni ya jimbo. Uliza anamwona mara ngapi, ana kwa ana. Uliza nani anabadilisha dozi, na usiku wa manane mtoto akisema anataka kufa, nani anaitwa. Wakisita kwenye swali la simu ya faragha, chukua begi lake mwondoke.

Binti sasa yuko kwenye dawa na tunaonana kila Jumanne. Bado huniomba ruhusa kabla ya kuinuka kwenye kiti.